Risasi Moja Ndani ya Bakuli

Bakuli liko juu ya meza ya jikoni tena, na zamu ni yangu. Ni la bati, jeupe, lina maua mekundu ubavuni, na mdomo wake umebanduka rangi hapa na pale. Nimeliosha. Nimelikausha. Nimelifunika kitambaa ili nisilione, kisha nikaondoa kitambaa nione kama bado lipo. Mwaka huu wa 2020 serikali nzima imenisihi nikae nyumbani, jambo ambalo nimekuwa nikilifanya bila kusihiwa na mtu tangu nifike Texas, na sasa ndipo limenishinda. Naenda dirishani, narudi. Nafungua friji, naifunga. Mke wangu ananitazama kutoka kwenye kochi, soksi za kazini bado miguuni.

"Mzee, keti. Unanipa kizunguzungu."

Naketi. Nainuka.

Ili ujue kwa nini bakuli la watu linaweza kumhangaisha mtu mzima hivi, lazima kwanza nikueleze nilichokuwa nikifanya kwenye gereji.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wakenya wenzangu wa hapa Dallas wana harusi, wana vyama, wana nyama choma ya kila Jumamosi, na mimi nina kisingizio kwa kila mojawapo. Nikitoka kwenye ghala ninakofanya kazi, kule Mesquite, navuka barabara kuu zote na malori yake huku nimeng'ang'ania usukani kama mtu anayening'inia mtini, nafika Arlington, nafunga mlango wa gereji nyuma yangu, na hapo ndipo napumua. Shida ni kwamba mwili wangu unapenda kukaa lakini mikono haitaki. Nilijaribu kupanda sukuma. Jua la Texas likaikaanga ingali shambani. Nilijaribu gitaa, mke wangu, ambaye ni muuguzi na amezoea kusikia watu wakilia kwa maumivu, akaniomba niache.

Halafu mwaka wa 2017 Mzungu mmoja mzee tuliyekuwa tukipakia naye mizigo akastaafu. Tangu ujana wake alikuwa akisubu mwenyewe risasi za bunduki zake, na sasa mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na mtu anayetetemeka hana biashara na madini yanayochemka. Alinialika kwake mara chache akanionyesha kazi, kisha siku moja akafungua buti la gari lake akanipa vyote: jiko la gesi la kupikia nje, sufuria ndogo ya chuma kizito, upawa, na kalibu ya alumini ya kumiminia risasi, yenye mikono miwili ya mbao kama koleo. Mimi sijawahi kujifunza kukataa kitu cha bure. Nikabeba.

Kazi yenyewe ni hivi. Maduka ya tairi hutupa vile vipande vizito vya madini ya risasi vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisitikisike. Ukiwaomba vizuri wanakupa ndoo nzima. Unaviyeyusha mlango wa gereji ukiwa wazi kabisa, umevaa glavu za ngozi, miwani, na shati la mikono mirefu katika joto ambalo hata mbwa wa mtaa wamelikimbia. Uchafu unaelea juu, grisi na mchanga na vibanio vya chuma. Unatupia kipande cha mshumaa, unakoroga, unauengua kwa kijiko, na chini yake panabaki kitu king'avu kama kioo. Ukiinama unajiona humo, mashavu yamevimba. Unateka kwa upawa, unajaza kalibu, unangoja kidogo, unagonga kwa kipande cha mti, kalibu inafunguka na risasi inadondoka kwenye taulo. Kalibu ikiwa baridi, risasi inatoka na makunyanzi kama shati lililolaliwa. Ikiwa moto kupita kiasi, inatoka na ukungu. Na tone la maji au la jasho likiingia kwenye sufuria, sufuria inakutemea. Nina alama shingoni ya kunikumbusha.

Mke wangu aliweka sheria zake mapema. "Bunduki haiingii kwenye nyumba hii. Na ukitoka huko unaoga kabla hujanigusa, na nguo hizo zinafuliwa peke yake. Hiyo ni sumu, bwana. Nimeona watoto walioila."

Kwa hivyo bunduki sikuwa nayo. Nadhani katika jimbo lote la Texas nilikuwa mtu pekee mwenye risasi asiye na bunduki. Sikuwa nataka kumpiga mtu, wala swala, wala hata chupa juu ya ukuta. Nilikuwa nataka risasi moja tu iliyotoka sawasawa, isiyo na kunyanzi wala ukungu, pua mviringo, kitako kilichonyooka. Nyingine zote nilikuwa nazirudisha kwenye sufuria, nazianza upya.

"Wenzako wakichoka wanalala," mke wangu alikuwa akisema. "Wewe unapika chuma, unakila kwa macho, halafu unakirudisha chunguni."

Sasa, majirani. Nyumba yetu ni nusu ya nyumba: ukuta mmoja katikati, sisi upande huu, na upande wa pili wakati ule familia kutoka Burundi. Baba alikuwa kiwandani, mama alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli, na walikuwa na mapacha wa darasa la pili, kwa hivyo mtaa mzima wa watu wetu ulikuwa ukiwaita Baba Mapacha na Mama Mapacha. Walikuwa wamekaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na Kiswahili chao kilikuwa kinaniaibisha.

"Mkenya," Baba Mapacha alikuwa akiniambia, "nani alikupa lugha hii uiponde hivi?"

"Afadhali mimi naiponda. Nyinyi mmeibembeleza mpaka imelala."

Alikuwa akija kwangu Jumapili kutazama mpira na kunywa chai, kwa sababu alijua mimi siendi kokote. Ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa pekee, nikisema ukweli, na faida yake kubwa ilikuwa kwamba sikuhitaji kuendesha gari kumfikia. Nilikuwa nikimsikia kupitia ukutani akikohoa, akicheka, akiwauliza mapacha kuhusu shule kwa Kirundi nao wakimjibu kwa Kiingereza. Risasi zangu hakuwahi kuziona. Gereji yangu inafungukia uchochoro wa nyuma, na mambo ya gereji nilikuwa nayaonea haya kidogo, kama mtu mzima anayecheza na vikaragosi.

Alikuwa na tabia moja mbaya. Gari lake la familia alikuwa akiliegesha katikati ya njia yetu ya pamoja, mimi nashindwa kutoka. Na mimi nilikuwa na jibu langu, lile lile kila mara, napaza sauti kutoka mlangoni:

"Wewe! Ukiegesha hapo tena nitawahamisha mtaa huu!"

"Hamisha, Mkenya!" anajibu, huku akicheka na kutafuta funguo.

Ilikuwa ndiyo salamu yetu. Mama Mapacha akiwa karibu hakuwa akicheka. Alikuwa akiokota mifuko yake ya dukani na kuingia ndani. Nilidhani ni uchovu wa hoteli.

Jumamosi moja mwaka wa 2018 mama huyo akabisha kwetu na lile bakuli la maua, limejaa sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, mawese yanang'aa juu. Bakuli lilikuwa limetoka naye kambini. Tukala, tukalamba vidole, tukaliosha. Kisha likakaa. Kwetu na kwao mambo ni yale yale: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Na kwa kuwa mke wangu alikuwa anafanya shifti juu ya shifti, na mimi kupika nilikuwa najua kuchemsha maji, bakuli likazidi kukaa.

"Hilo bakuli la watu litarudi lini?" mke wangu akauliza akiwa mlangoni, anaenda kazini. "Na usilirudishe tupu. Usiniaibishe."

Jumapili iliyofuata asubuhi nilikuwa na haraka, kwa sababu ghala lilikuwa limeniita zamu ya ziada. Nikafungua friji: haradali, nusu kitunguu, maziwa ambayo sikuyaamini. Nikatazama bakuli, nalo likanitazama. Na hapo nikakumbuka kwamba siku iliyotangulia, baada ya zaidi ya mwaka mzima wa makunyanzi, ilikuwa imetoka. Ile risasi moja. Nilikuwa nimeilaza kwenye pamba kama yai. Nilikuwa nimepanga kuitoboa niitie pete ya funguo, lakini pete sikuwa nayo.

Nikajiambia: mtu akikupa alichokipika kwa mikono yake, nawe mpe ulichokipika kwa mikono yako. Nilijisifu kwa wazo hilo. Nikatandika karatasi laini ya jikoni ndani ya bakuli, nikaiweka risasi katikati. Moja. Ningeweka konzi nzima labda wangeona ni mapambo au ni wazimu. Nikaenda kubisha, kimya, walikuwa misani. Nikaliacha bakuli kizingitini, nikaingia kwenye gari, nikaenda Mesquite nikipiga mluzi.

Jioni ile hakuna aliyekuja kushukuru. Nikasema labda wamechoka. Siku iliyofuata pazia zao hazikufunguliwa. Kupitia ukutani sikusikia kikohozi wala kicheko wala televisheni, nilisikia vitu vikiburutwa tu. Jumatano nikarudi kutoka kazini nikakuta njia yetu iko wazi kabisa, hakuna gari la kunizuia. Nikaingia mpaka mwisho bila kupiga honi. Sijawahi kuchukia nafasi ya kuegesha kama siku ile.

Nikapiga simu, haikupokelewa. Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipojimaliza kabisa. Nikaacha ujumbe wa sauti, kwa ile sauti yangu ya utani:

"Baba Mapacha! Mmekimbilia wapi bila kuaga? Msijifiche, bwana. Nitawapata tu!"

Ningekuwa nimeajiriwa niwatishe watu wale, nisingeweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Siku kadhaa zikapita. Mimi natembea ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza kitu asichokumbuka ni nini. Kisha mke wangu akarudi kutoka hospitali, hakuvua hata viatu. Kule kazini kulikuwa na mama mwingine wa Burundi, msaidizi wa wodi, na siku hiyo alikuwa amekataa kuketi naye meza moja, kisha akamweleza kwa nini.

"Uliweka nini kwenye bakuli la watu?"

"Zawadi."

"Zawadi gani?"

"Ile… ile yangu nzuri. Iliyotoka sawa."

Alikunja mikono kifuani. Mke wangu akikunja mikono, mimi huanza kujitetea hata kabla ya kushtakiwa. "Niliiosha," nikasema.

"Uliiosha." Akaketi chini polepole, akashika kichwa. "Uliwawekea watu waliokimbia vita risasi moja mlangoni. Na ulikuwa umewaambia kila siku utawahamisha mtaa."

"Ilikuwa utani!"

"Mwambie aliyekuwa akicheka. Wanasema Mkenya amewatumia ujumbe. Wamekwenda Houston kwa kaka yake baba. Mama hataki mtu yeyote ajue ni wapi."

Nataka kusema nililia, lakini sikulia. Niliingia gereji nikaanza kupanga ndoo ambazo zilikuwa zimepangika tayari. Kilichokuwa kikinizunguka kichwani hakikuwa hata urafiki wangu uliopotea. Ni kwamba mahali fulani kule Houston kulikuwa na mama anayesikia gari likipunguza mwendo nje na kukimbilia kuzima taa, na mtu anayemwogopa ni mimi. Mimi! Mtu ninayeogopa kubadilisha leni.

Kumpigia simu tena ilikuwa kuzidisha. Kutokupiga ilikuwa kukubali. Mwishowe nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya kwa hiari yangu: nikatoka nyumbani. Nikaenda kwenye kanisa la Kikatoliki wanakosali misa ya Kiswahili, mimi ambaye hata kwa Waprotestanti wenzangu huonekana kwa nadra, nikamtafuta katekista wao. Alikuwa mzee mwembamba, naye ni Mrundi. Akanisikiliza bila kunisaidia kwa uso wake hata kidogo.

"Wewe unatengeneza risasi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na bunduki huna."

"Sina, baba."

"Kwa nini?"

Hapo nikagundua kwamba swali hilo sijawahi kuulizwa na mtu aliyetaka jibu. "Mikono yangu haitulii," nikasema.

Akanitazama mikono. Nilikuwa nimeshapasua karatasi ya nyimbo ya kanisa vipande vipande bila kujua. Akatoa simu, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi akasema: "Baba anasema uje. Mama anasema hakuna mtu mzima anayepika risasi kwa kucheza, huo ni uongo. Kama si uongo, uje na vyombo vyako uvipike mbele yake. Mchana. Na mkeo awepo."

Basi Jumamosi hiyo tukashika barabara ya Houston. Mke wangu ndiye aliyeshika usukani, kwa sababu yeye ana akili. Nyuma kulikuwa na jiko la gesi, sufuria, kalibu, upawa na ndoo ya risasi iliyolilemea gari mpaka taa zikawa zinamulika mawingu. Kila gari la polisi tulilolipita niliketi wima kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu.

"Wakitusimamisha unasema nini?" nikamuuliza.

"Nitasema simjui huyu mwanaume, nilimpa lift."

Safari ilichukua muda wa saa nne hivi, na sikutulia kitini hata dakika moja. Nilikuwa nikivua mkanda na kuufunga, nikifungua dirisha na kulifunga, mpaka mke wangu akalifunga kabisa kutoka upande wake.

Kaka yake Baba Mapacha alikuwa akikaa nyumba ya chini kusini-magharibi mwa jiji, yenye kiuwanja cha saruji nyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufungulia. Mlango ule ulikuwa na tabia ya kujifunga wenyewe. Akaushika kwa kiatu, akanikagua juu mpaka chini.

"Ndiye huyu?" akamuuliza mdogo wake kwa Kiswahili ili nielewe. "Huyu ndiye mmemkimbia? Mbona hata tumbo linamtangulia?"

Baba Mapacha alikuwa amesimama nyuma yake. Alinipa mkono, lakini hakunitania. Mama Mapacha alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki uwanjani, upande wa pili kabisa, kitambaa kimefungwa fundo mapajani mwake. Mapacha walikuwa wamepelekwa kwa jirani. Mke wangu akaenda akapiga magoti nusu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, "Pole, dada. Pole sana." Mama Mapacha akaitikia, lakini macho hakuyatoa kwangu.

Nikawasha jiko. Nikavaa glavu, miwani, shati la mikono mirefu. Houston haina joto, ina mvuke. Jasho likanitiririka, nikawa namwomba Mungu lisidondoke kwenye sufuria, maana kumtemea mama yule risasi ya moto mbele ya shemeji yake kungemaliza maneno yote. Madini yakayeyuka. Nikaengua uchafu. Na kwa kuwa nilikuwa na haraka, sikuipasha kalibu moto vizuri. Nikamimina, nikagonga, ikadondoka kwenye taulo.

Ilikuwa na makunyanzi mwili mzima.

Kaka mtu akainama kuitazama. "Ndiyo hii?"

"Kalibu bado baridi," nikasema.

"Hii imezaliwa bibi."

Nikamimina nyingine, bibi tena. Ya tatu ikatoka bila pua. Nikasikia mtu akipaliwa, nikageuka, ni Baba Mapacha, amejiziba mdomo.

"Jirani," akasema, "yaani ni haya ndiyo ulikuwa ukiyafanya? Jumapili nikija unasema ulikuwa umelala!"

"Niliona haya."

"Una haki ya kuona haya!"

Akacheka, kaka yake akacheka, mke wangu naye, msaliti, akacheka. Mama Mapacha hakucheka. Aliinuka akaja mpaka karibu na jiko, akafungua fundo la kitambaa. Ndani ilikuwa ile yangu nzuri. Alikuwa ameitunza muda wote huo, kama ushahidi nadhani, au labda mtu huwezi kukitupa kitu kama hicho kwa sababu hujui kitaangukia wapi.

"Kwetu," akasema, na alikuwa akisema na sufuria, si na mimi, "waliiweka moja mlangoni kwa baba yangu. Baba akaicheka. Akasema ni mzaha wa jirani."

Akaninyooshea kitambaa, risasi ikiwa katikati.

"Iweke humo," akaniambia. "Nataka nione."

Nikaipokea kwa kijiko, nikaizamisha taratibu. Ilizama, nikaisogeza pembeni ili aione. Kwa kitambo ilibaki vile vile. Kisha pua ikalainika, ikainama, kitako kikapotea, na mahali pake pakawa laini tu.

"Iko wapi?"

"Imeisha, mama."

"Koroga."

Nikakoroga mpaka chini. Nikainua upawa nikamwaga mbele yake polepole, nikainua tena. Akatazama kila tone. Kisha akauliza, "Hayo mengine ya ndoo, yanaweza kuwa kitu cha watu?"

Nilikuwa na bati la kuokea keki ndogo, ambalo ndilo la kugandishia madini yakiwa safi. Kaka mtu akasema mlango wake huu unajifunga kila akibeba mizigo, na wenye nyumba hawautengenezi. Basi nikasubu keki moja nene, nzito, ya kuzuia mlango. Ikapoa. Mke wangu akadai soksi nene, akaitumbukiza humo akashona mdomo hapo hapo kwa uzi na sindano vya mwenyeji wetu, akatangaza kwamba mtoto atakayeigusa atamjibu yeye. Mama Mapacha akaiweka soksi mlangoni kwa mguu wake, mlango ukakaa wazi. Akaingia ndani.

Tulipokuwa tukifunga vyombo, Baba Mapacha akaniambia kwamba hawatarudi Arlington. Kaka alikuwa amempatia kazi ya kufua kwenye hoteli, na mapacha wameshaanza shule. "Si wewe," akasema. Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli: "Si wewe sasa."

Nilikubali. Nilikuwa nimeketi kwenye gari tayari, mkanda umefungwa, wakati Mama Mapacha alipotoka na lile bakuli la maua. Limejaa maharage, limefunikwa karatasi ya fedha. Akanipitishia dirishani, mapajani pangu, likiwa moto.

"Bakuli lirudi," akasema. Uso wake ulikuwa kama ulivyokuwa tangu asubuhi.

"Litarudi. Niweke nini?"

"Kinacholiwa."

Hivyo ndivyo nilivyohukumiwa. Mtu asiyependa kuvuka hata barabara ya kwenda dukani akapewa kipande cha bati ambacho lazima kiende Houston na kurudi. Tangu siku ile kimekwenda na kurudi, nami nimejifunza kuendesha safari hiyo mwenyewe, na nimejifunza chapati, kwa kuwa mke wangu alisema yeye hakumtisha mtu na hatampikia mtu. Kalibu niliitundika ukutani. Ndoo bado naichezea: nasubu vizuizi vya milango. Mtaa wote wa watu wetu hauna mlango unaojifunga tena, wapende wasipende. Mama Mapacha hupokea bakuli, husema asante, hunipa chai. Hajawahi kunitania. Mimi nami, mbele yake, naupima mdomo wangu kama dawa.

Na sasa liko mezani hapa tena, tangu kabla ya watu kufungiwa. Ukuta wa jirani uko kimya; walioingia pale baadaye hata kukohoa hawakohoi. Mke wangu anatoka hospitalini na alama za barakoa zimechimba mashavu, anavulia nguo gereji, mahali pale pale aliponilazimisha mimi kuvulia zangu. Hoteli ya Baba Mapacha imefungwa. Ananiambia kwa simu wako salama, ila anaisema haraka.

"Peleka bakuli," mke wangu amesema hatimaye kutoka kwenye kochi. "Usiingie ndani kwao. Weka mlangoni, rudi nyuma. Utaniua na hizo hatua zako."

"Niweke mlangoni? Tena mimi?"

Amenitazama. Ametabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. "Piga simu kwanza, bwana."

Kulipokucha nimepika chapati, nimezipanga kwenye bakuli, nimezifunika. Barabara ya Houston ilikuwa tupu mpaka nikaiogopa kwa namna mpya. Nimefika. Nimeliweka bakuli kizingitini, nimebisha, nimerudi mpaka kwenye gari, nimesimama mbele ya boneti mikono yote miwili ikionekana, na nimepiga simu.

"Mama, bakuli liko mlangoni. Ni mimi. Niko hapa, kando ya gari. Siendi kokote."

"Lina nini?"

"Chapati."

"Na nini tena?"

"Chapati tu, mama."

Pazia likasogea. Nilisimama pale nikijikuna, nikihamisha uzito mguu hadi mguu. Mlango ukafunguka. Mama Mapacha, barakoa ya kitenge usoni, akausukumia ile soksi kwa kidole cha mguu, akainama, akafunua. Akatazama. Kisha akaingiza mkono chini ya chapati zote mpaka kwenye bati, akapapasa polepole pande zote, macho yake kwangu. Mkono ukatoka na chapati ya chini kabisa. Akashusha barakoa, akaivuta chapati kwa meno. Akavuta tena.

"Mkenya!" akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia. "Hii imezaliwa bibi!"

Ndani ya nyumba nikasikia Baba Mapacha akiangua kicheko, kikapita ukutani kama zamani.

"Keti hapo hapo," mama akasema, naye anaketi kizingitini na bakuli mapajani. "Usisogee. Nitakuletea chai nikishamaliza kutafuna, kama leo nitamaliza."

Nikaketi kwenye boneti. Ilikuwa ya moto. Sikuinuka.